Askofu Aliyekataa Kufuata Mkumbo

Sisi tulio upande huu wa mpaka, kuanzia Malaba na Kocholia hadi Busia mjini, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa mtu aliyekataa kuishi kwa kuwapendeza wengine. Mtu huyo ni Askofu Alexander Kipsang Muge, aliyelipa kwa uhai wake siku alipotutembelea.

Muge alikuwa Mnandi. Kabla ya kuvaa joho la ukasisi alikuwa askari wa GSU, kikosi ambacho kutii amri ndiyo ada yake. Mwaka 1983 akawa askofu wa Kanisa la Anglikana, Dayosisi ya Eldoret. Kwa kuwa Rais Daniel arap Moi naye alikuwa Mkalenjin, wengi walitarajia kwamba askofu huyo angeimba wimbo wa serikali. Hakuuimba.

Mwaka 1986 chama cha KANU kilipitisha upigaji kura wa mlolongo, ambapo wananchi walipanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake. Muge aliupinga waziwazi. Na tutafakari, ndugu msomaji: mwalimu aliyesimama mlolongoni huku chifu akimtazama, je, alimchagua amtakaye au aliyeogopa kumuudhi? Mlolongo uligeuza kujipendekeza kuwa sheria. Uchaguzi wa 1988 uliacha manung'uniko tele, kwani palikuwa na waliotangazwa washindi ilhali foleni zao zilikuwa fupi.

Agosti 1990, Waziri wa Kazi, Peter Okondo, mwenyeji wa Busia, alimwonya Muge pamoja na Askofu Henry Okullu kwamba wakithubutu kukanyaga Busia huenda wasitoke hai. Muge angeweza kubaki kwake, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini tarehe 14 Agosti alikuja, akahubiri, akaagana na watu. Njiani akirejea Eldoret, gari lake liligongana na lori huko Kipkaren, akafa. Okondo alijiuzulu. Dereva wa lori alihukumiwa kifungo, lakini maswali ya wananchi hayakufungwa pamoja naye.

Desemba mwaka uo huo, KANU iliuondoa mlolongo.

Hapana shaka kusimama peke yako si ukaidi. Mkaidi hupinga ili aonekane. Muge alipinga kwa sababu alikwisha kupima jambo, akaliona baya. Anayetaka kumridhisha kila mtu huwa bendera, leo inaelekea huku, kesho kule, wala haijui yenyewe yataka nini.

Walimu wenzangu, mlolongo umo hata madarasani mwetu. Tumwonapo mwanafunzi akiwaangalia kwanza wenzake ndipo ainue mkono, tujue amekwisha kupanga foleni. Na aliye peke yake upande wa pili tusimcheke. Tumwulize sababu yake, kisha tumsikilize hadi mwisho.