Pascal: Jamaa aliyesomea nyumbani akatufunza kuhesabu

Mko mabeste watano, tiketi za mechi ni mbili. Kuna njia ngapi za kuchagua wawili wa kwenda? Usianze kuandika majina. Blaise Pascal alishakurahisishia kitambo.

Jamaa alizaliwa 1623 huko Clermont, Ufaransa. Mamake alifariki Pascal akiwa na miaka mitatu tu. Shule? Hakuwahi kukanyaga. Babake, Étienne, alimfundisha nyumbani, na mwanzoni akamnyima vitabu vya hesabu ili asome lugha kwanza. Wapi! Akiwa na miaka 16 alikuwa ameshaandika jiometri ya kushangaza wasomi. Kisha akaona mzee anateseka na hesabu za ushuru kule Rouen, akaanza kumuundia mashine ya kujumlisha. Hapo hata 20 hajafika.

Mwaka 1654 akaletewa swali la wacheza kamari: mchezo ukikatizwa kabla mshindi apatikane, pesa zigawanywe vipi? Yeye na Pierre de Fermat wakaandikiana barua. Dawa ilikuwa kuhesabu njia zote ambazo mchezo ungeweza kuisha. Pascal akatumia pembetatu ya namba ambayo Wachina na Waajemi waliijua kabla yake, akaandika kitabu kizima kuieleza.

Hebu turudi kwa tiketi. Wa kwanza unamchagua kati ya watano, wa pili kati ya wanne: 5 mara 4 ni 20. Lakini Otieno na Wanjiru ni walewale Wanjiru na Otieno, sivyo? Kila jozi umeihesabu mara mbili. Gawa kwa 2, unapata 10. Sasa cheki pembetatu: kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Mstari wa tano unasema 1, 5, 10, 10, 5, 1. Ile 10 ya kwanza ndiyo jibu lako.

Mwili wake ulikuwa mgonjwa miaka mingi. Hata hivyo, 1662 alisaidia kuanzisha magari ya farasi ya abiria Paris, nauli moja. Matatu za enzi hizo! Agosti mwaka huohuo akafa, miaka 39. Kitabu cha pembetatu kilitoka 1665, yeye hayupo.

Mimi chuo niliacha katikati, nikajiambia hesabu si zangu. Sisemi nawe uache. Nasema chukua kalamu: mabeste sita, tiketi mbili. Ukipata 15, umeiva.