Ernst May: Jamaa wa Frankfurt aliyejenga nyumba kuanzia jikoni, kisha akaja kulima Arusha

Mwenye macho haambiwi tazama. Kuanzia Sirari mpaka Nyamongo, kuanzia Tarime mjini mpaka Mugumu, watu wanajenga. Matanuri ya tofali yanafuka moshi, mabati mapya yanang'aa kila kona. Safi sana. Ila ingia ndani ya baadhi ya hizo nyumba uone mambo. Sebule kubwa kama ukumbi wa mikutano, sofa limeziba dirisha, halafu jiko ni kachumba ka giza pembeni. Au mama bado yuko nje kwenye kibanda, anapuliza kuni huku machozi yanamtoka. Ramani ilichaguliwa kwa sababu kwa mbele inapendeza, basi.

Kwa hiyo leo nawaletea maisha ya mzungu mmoja ambaye kazi yake yote ilikuwa kufikiria nyumba ya mtu wa kawaida. Anaitwa Ernst May. Wanaosoma usanifu wa majengo duniani kote wanamjua, lakini sisi huku wengi hatumjui, na cha ajabu ni kwamba jamaa aliishi Afrika Mashariki karibu miaka 20!

ALIKOTOKEA

May alizaliwa tarehe 27 Julai 1886 mjini Frankfurt, Ujerumani. Alisoma Ujerumani na Uingereza, na akiwa kijana akafanya kazi Uingereza kwa msanifu aliyeitwa Raymond Unwin. Huyu Unwin alikuwa mmoja wa vinara wa miji ya bustani. Wazo lenyewe si gumu: mfanyakazi wa kiwandani naye ni binadamu, apate nyumba yenye hewa, jua na kipande cha ardhi cha kupanda mboga, sio kubanwa kwenye vyumba vya giza katikati ya mji. May akalibeba wazo hilo kichwani na hakuliachia tena.

Vita ya Kwanza ya Dunia ikapita, Ujerumani ikabaki hoi, watu hawana pa kuishi. Mwaka 1925 mji wa Frankfurt ukampa May kazi ya kusimamia ujenzi wote wa mji. Hapo ndipo jina lake lilipopaa. Katika miaka mitano tu, yeye na timu yake wakajenga nyumba na fleti zipatazo 12,000. Si mchezo! Mitaa kama Römerstadt na Praunheim ipo mpaka leo.

STAILI YAKE

Aliwezaje? Kwanza aliondoa mbwembwe. Hakuna nguzo za mapambo wala maua ya kuchonga ukutani. Paa za bapa, kuta zilizopakwa rangi, madirisha yaliyopangwa kufuata jua. Pili, milango, madirisha na vitasa vilitengenezwa kwa vipimo vya aina moja ili gharama ishuke. Sehemu nyingine kuta zenyewe zilikuwa vipande vikubwa vya zege vilivyotengenezwa kiwandani, vinabebwa, vinaunganishwa, nyumba inasimama ndani ya muda mfupi.

Kitu cha tatu ni vya ndani. May na wenzake waligundua kwamba ukimpa mtu nyumba ndogo halafu akaingiza makabati makubwa ya urithi wa bibi, umefanya kazi bure. Mbunifu mwenzake Ferdinand Kramer akachora fanicha nyepesi, ndogo, za bei nafuu, na baadhi zilitengenezwa kwenye karakana ya mji na watu waliokuwa hawana ajira. Vijana tunaolia ajira, hapo mnaona? Mji unahitaji vitanda na makabati, vijana wanahitaji kazi, wakaviunganisha.

Halafu likaja jiko. Kwenye timu ya May alikuwepo dada mmoja msanifu, Margarete Schütte-Lihotzky. Mwaka 1926 akabuni kinachojulikana hadi leo kama jiko la Frankfurt. Lilikuwa na upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi, kadogo kweli! Lakini kila sentimita ilikuwa na kazi. Alijifunza kutoka kwenye majiko ya mabehewa ya chakula ya treni, ambako mpishi kwenye nafasi finyu analisha abiria kibao. Akaangalia mama anatoka wapi kwenda wapi akipika, anapiga hatua ngapi, anainama mara ngapi. Kisha akapanga: sinki hapa, jiko pale, meza ya kukatia chini ya dirisha ili mwanga umwangukie mikononi, kigoda cha kuzunguka, ubao wa kupigia pasi unaokunjwa ukutani, droo za unga, mchele na sukari zenye majina yake. Majiko kama 10,000 yakafungwa kwenye nyumba za Frankfurt. Makabati ya jikoni ya kisasa unayoyaona kwenye tamthilia, yaliyoungana ukuta mzima, huyo ndiye bibi yao.

Tusimpambe sana. Wakazi walilalamika pia. Jiko lilikuwa la mtu mmoja, mama akawa anapika peke yake kama yuko selo, mtoto hana pa kukaa. Na kodi za zile nyumba ziliwashinda wafanyakazi wengi wa hali ya chini, ambao ndio walikuwa walengwa.

KUKIMBIA NA KUFIKA KWETU

Mwaka 1930 May akaenda Urusi ya Kisovieti na kundi la wenzake kupanga miji mipya ya viwanda, mmojawapo Magnitogorsk. Mambo hayakwenda alivyotaka. Mwaka 1933 akataka kutoka, lakini atarudi wapi? Ujerumani Hitler ameshika nchi. May alikuwa na asili ya Kiyahudi, tena majengo yake Wanazi walikuwa hawataki hata kuyaona. Nyumbani hakukaliki.

Ndipo akatimkia Tanganyika. Mwaka 1934 akawa na shamba karibu na Arusha, chini ya Mlima Meru. Fikiria, mtu aliyejenga nyumba maelfu anageuka mkulima! Lakini hakukaa sana na jembe. Mwaka 1937 akahamia Nairobi na kufungua ofisi ya usanifu. Ilipokuja Vita ya Pili, Waingereza wakamweka kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani, baadaye wakamwachia, akaendelea.

Huku alikutana na mwalimu mpya: jua la ikweta. Ulaya alikuwa analitafuta jua, huku ikabidi alikwepe. Akajifunza kugeuza nyumba ili kuta ndefu zisipigwe na jua la asubuhi na jioni, kuweka vizuia jua juu ya madirisha, kuacha upepo upite upande huu utokee ule. Ukifika Moshi, litazame jengo la ushirika wa kahawa wa KNCU, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ni kazi yake. Kisumu, hapo ng'ambo ya mpaka wetu, alichora majengo ya Aga Khan, na Mombasa hoteli ya Oceanic.

ALIPOTELEZA

Sasa hapa ndipo penye somo, wadau. Kati ya 1945 na 1947 May alipanga upanuzi wa mji wa Kampala, maeneo ya Kololo na Naguru. Alifuata sera za wakoloni: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Tena alimwona Mwafrika kama mtu anayepaswa kufundishwa kuishi. Wakati huo huo akabuni nyumba ya bei nafuu kwa ajili ya Waafrika, ya vipande vya zege vya kuning'iniza kwenye fremu, ikiwa na umbo la kupinda linalofanana na msonge. Kwa ufundi, ilikuwa akili kubwa. Lakini haikuenea. Iliishia kwenye majaribio.

Mimi naona hivi. Frankfurt waliangalia hatua za mama jikoni kabla ya kuchora. Huku kwetu May akaangalia umbo la msonge kwa nje, akadhani ameshaelewa nyumba. Angekaa na wenyeji wangemwambia. Chukua kwetu Wakurya: zamani kila mke alikuwa na nyumba yake, zizi la ng'ombe liko katikati ya mji, na ukisema nyumba husemi udongo na nyasi tu, unasema mama na watoto wake. Mambo hayo huwezi kuyaona ukiwa umesimama barabarani na daftari.

Mwishoni mwa 1953 May aliondoka Afrika, akarudi Ujerumani Magharibi na kujenga tena miji iliyobomolewa na vita. Alifariki Hamburg tarehe 11 Septemba 1970, akiwa na miaka 84.

Kosa lake tusimwachie mzungu peke yake, maana na sisi tunalifanya, tena kwenye nyumba zetu wenyewe. Baba anakaa na fundi, wanakubaliana, msingi unachimbwa, na mama atakayepika humo miaka 30 hajaulizwa hata swali moja. Kabla hujamlipa fundi, mkalishe mama au shemeji yetu, muulize: maji unayaweka wapi? Moshi utokee wapi? Ukiwa unapika, watoto unawaona? Kisha chora chini kwa kijiti ukubwa wa jiko, umwombe atembee humo kama anapika ugali. Haina gharama hata shilingi. Kama bado unatumia kuni, dirisha moja la ziada na bomba la moshi ni pesa ndogo ukilinganisha na hilo geti la maua unalotaka kuchomelea.

Haya, uwanja ni wenu. Nyumbani kwenu nani alichagua ramani, na jiko liliwekwa wapi? Tupia maoni hapo chini, bila matusi tafadhali.