Paulo Kajiru Mashambo na Kodi ya Mbiru

Miongoni mwa majina ambayo wazee wa Upare hawakuyaacha yapotee ni la Paulo Kajiru Mashambo wa Mamba, Upare ya Kusini. Hakuwa mfumwa. Anakumbukwa hasa kwa jambo moja, nalo ni upinzani dhidi ya kodi iliyoitwa mbiru.

Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Kiingereza ilihitaji mapato zaidi wilayani. Kodi ya kichwa ilikuwa sawa kwa kila mwanamume. Sasa ikaletwa kodi ya kupanda kwa kadiri ya mali, ikapewa jina la ushuru wa kale wa watawala wa jadi ili watu waione kuwa ni yao. Katika maandishi ilikuwa kodi ya haki: mwenye kingi atoe kingi. Lakini nani angepima kwa haki migomba, kahawa na mbuzi wa mtu mlimani? Makadirio yakaonekana kuwa ya kubahatisha na ya upendeleo, na wananchi wakakataa kukadiriwa namna hiyo.

Mwezi Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa huko wakidai kusikilizwa. Mashambo alikuwa mmoja wa viongozi wao. Kuwaunganisha watu wa milima ile haikuwa kazi ndogo. Misheni ya Leipzig ilikuwa imeanza kazi Shigatini mwaka 1900, Waadventista Upare ya Kusini mwaka 1903, na Usangi na Ugweno walikuwako Waislamu wengi. Tena kila utawala ulikuwa na mfumwa wake. Juu ya mbiru walisema neno moja.

Wanawake nao hawakubaki nyuma. Kutoka Usangi walitembea yapata kilometa 40 hadi Same, wakamtaka Bwana Shauri ama amalize shauri na kuwarudisha waume zao, ama yeye mwenyewe atimize wajibu wa waume hao nyumbani. Inafaa kusema kwamba hakuwa na jibu lililowaridhisha.

Viongozi waliadhibiwa kwa kuhamishwa kutoka Upare, lakini upinzani haukuzimika. Kufikia mwaka 1947 mbiru ilikuwa imeondolewa. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliiandikia habari hiyo kitabu kilichotolewa mwaka 1971. Kodi ya kichwa yenyewe haikuondoka. Wanaume wa Upare waliendelea kuilipa, kwa kiwango kimoja kwa wote.