Cassatt: Aliyepitisha treni chini ya mto, akaacha swali la nani atalipa

Ndugu msomaji, wewe uliyewahi kukesha Busisi ukingoja pantoni ya kwenda Mwanza, habari ya leo utaielewa upesi kuliko mtu aliyezaliwa penye daraja. Mimi nilipita pale mara nyingi miaka ya 1990, nilipokuwa mwanafunzi ukimbizini Tanzania. Malori yalipanga foleni, akina mama waliketi juu ya magunia yao, na kila mtu alihesabu hasara yake kimyakimya: samaki wanaoharibika, nyanya zinazolainika, siku ya soko inayopita. Tangu Juni 2025 watu wanavuka hapo juu ya daraja la kilometa 3. Watoto wetu hawatajua tulivyongoja.

Mji wa New York, pamoja na utajiri wake wote, nao uliwahi kungoja pantoni. Kati ya mji huo na bara la Marekani upande wa magharibi kuna mto Hudson, wenye upana unaozidi kilometa moja. Treni za kampuni ya reli ya Pennsylvania zilikomea ng'ambo, katika mji wa Jersey City. Abiria alishuka na mizigo yake, akapanda kivuko, akavuka. Ukungu ukitanda, au mto ukijaa barafu wakati wa baridi, ratiba yote ilivurugika. Aliyeamua kukomesha hali hiyo ni Alexander Johnston Cassatt, rais wa kampuni hiyo. Leo tuangalie maisha yake, kwa sababu kazi aliyoifanya bado inagombaniwa na wanasiasa wa Marekani zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake.

MWANAFUNZI WA UGENINI

Cassatt alizaliwa Desemba 8, 1839, Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania. Baba yake alikuwa mtu wa biashara ya hisa. Alexander akiwa bado mdogo, familia ilihamia Ulaya kwa miaka kadhaa, ikaishi Ufaransa na Ujerumani, naye akasoma katika mji wa Darmstadt. Sisi tuliosoma ugenini tunajua faida na adha zake, ingawa yeye hakukimbia vita. Alipelekwa na mzazi mwenye uwezo. Mdogo wake wa kike, Mary Cassatt, alikuja kuwa mchoraji mashuhuri, akaishi Ufaransa sehemu kubwa ya maisha yake. Msomaji, mkumbuke huyo dada, maana tutakutana naye tena.

Aliporudi kwao alisomea uhandisi, akahitimu mwaka 1859. Mwaka 1861 aliajiriwa na kampuni ya reli ya Pennsylvania kwa kazi ya chini kabisa ya upimaji wa njia. Alipanda cheo haraka. Alijua injini, alijua hesabu, na alikuwa miongoni mwa wakubwa wa mwanzo kuikubali breki ya hewa iliyobuniwa na George Westinghouse. Mwaka 1868 alimwoa Lois Buchanan, mpwa wa James Buchanan aliyekuwa rais wa Marekani.

Lakini tusimpake mafuta mtu kwa kuwa amekufa. Julai 1877 makampuni ya reli yalipunguza mishahara, na wafanyakazi wakagoma. Huko Pittsburgh askari waliwafyatulia watu risasi, wengi wakafa, na mali ya kampuni ikateketea kwa moto. Cassatt alikuwa hapo kama mmoja wa wakubwa wa kampuni, upande wa waliotaka treni ziondoke kwa vyovyote. Doa hilo limo katika maisha yake na halifutiki.

Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 42 tu, alijiuzulu umakamu wa rais. Alikuwa tayari tajiri. Akaenda shambani kwake kufuga farasi wa mashindano, na akakubali pia kazi ndogo ya kusimamia barabara za kata yake. Huenda wengi walidhani habari zake za reli zimekwisha.

ALIYEFUNGA MLANGO WA NYUMA

Mwaka 1899 rais wa kampuni alifariki, na wakurugenzi wakamwendea Cassatt. Alikubali. Jambo la kwanza aliloshughulika nalo linawahusu moja kwa moja wafanyabiashara wadogo. Wakati ule matajiri wakubwa, wenye mafuta na chuma, walikuwa wakirudishiwa sehemu ya nauli ya mizigo kwa siri. Mwenye mapipa 10 alilipa bei kamili, mwenye mapipa 10,000 alipewa chenji mlango wa nyuma. Cassatt mwenyewe alikuwa ameushuhudia mchezo huo miaka ya 1870 akiwa ndani ya kampuni. Safari hii aliamua kuukomesha, hata kama Andrew Carnegie, mfalme wa chuma, angenuna. Baadaye aliunga mkono hatua ya Rais Theodore Roosevelt ya kuipa serikali nguvu ya kusimamia nauli za reli, jambo ambalo wenzake wengi wenye reli walilichukia.

Kisha akaugeukia mto.

Mawazo ya kuuvuka yalikuwapo. Mhandisi Gustav Lindenthal alibuni daraja kubwa sana, lakini gharama yake ilihitaji makampuni yote ya reli yachangie. Cassatt aliyaomba makampuni mengine. Hayakukubali. Handaki nalo liliogopwa. Jaribio lililoanza mwaka 1874 lilikuwa limeua wachimbaji 20 mwaka 1880, matope yalipobomoka na maji kuingia. Tena treni za wakati ule zilitumia mvuke: moshi wa makaa ya mawe katika shimo refu namna hiyo ungewakaba abiria.

Ndipo dada yake anaporudi katika hadithi. Mwaka 1901 Cassatt alikwenda Ulaya, akamtembelea Mary Ufaransa. Mjini Paris aliiona stesheni mpya ya Orsay, iliyofunguliwa mwaka 1900, ambako treni ziliingia chini ya ardhi zikivutwa na umeme, bila moshi. Jibu likapatikana. Desemba ya mwaka huohuo kampuni ilitangaza kuwa itachimba mahandaki mawili chini ya Hudson, mengine manne chini ya mto wa mashariki kuelekea Long Island, na katikati yake, Manhattan, itajenga stesheni kubwa. Gharama, zilizokuja kupita dola milioni 100 za wakati ule, zingebebwa na kampuni yenyewe.

MADIWANI NA KITU KIDOGO

Unaweza kudhani mji ungeshangilia. Kumbe mtu anayekuja na fedha zake naye anahitaji kibali. Kibali kilikuwa mikononi mwa madiwani wa New York, na wengi wao walikuwa watu wa Tammany Hall, mtandao wa kisiasa uliozoea kutafuna. Walikalia karatasi karibu mwaka mzima wa 1902. Walitoa sababu hii na ile, na mjini ilisemwa wazi kwamba baadhi yao walikuwa wanangoja kitu kidogo. Cassatt alikataa kutoa. Magazeti na wafanyabiashara waliwabana madiwani, na Desemba 1902 kibali kikapita.

Kazi ilikuwa ya hatari. Wachimbaji, wengi wao wahamiaji, waliingia ndani ya ngao kubwa ya chuma yenye umbo la pipa, iliyosukumwa mbele kwa jeki za maji. Nyuma yake mafundi walifunga pete za chuma zenye kipenyo cha karibu meta 7. Ili matope yasiingie, hewa ilijazwa humo kwa mgandamizo mkubwa. Mtu akitoka humo haraka, gesi hutengeneza mapovu katika damu yake, na hapo hupata maumivu makali, kupooza au kifo. Wako waliokufa hivyo, na wako waliokufa kwa baruti na maji. Majina ya wengi wao hayajulikani.

Wahandisi nao walishikwa na wasiwasi. Waligundua kuwa handaki, likiwa ndani ya tope laini, lilipanda na kushuka kidogo kufuatana na maji kujaa na kupwa. Walibishana kwa muda mrefu kama lishikiliwe na nguzo hadi kwenye mwamba. Mwishowe waliliacha bila nguzo, na limesimama hivyo hadi leo.

Septemba na Oktoba 1906, wachimbaji wa pande mbili walikutana chini ya Hudson, katika handaki moja kisha la pili. Mwaka huohuo uchunguzi wa serikali ulifichua kuwa maofisa wa kampuni ya Cassatt walikuwa wamepokea hisa za makampuni ya makaa ya mawe. Aliyekataa kuwahonga madiwani alikuta wa nyumbani kwake wamehongwa. Jambo hilo lilimuumiza sana, na afya yake ilikuwa imekwisha dhoofika. Alifariki Desemba 28, 1906, akiwa na umri wa miaka 67. Stesheni ilifunguliwa kikamilifu Novemba 27, 1910. Ndani yake lilisimamishwa sanamu la mtu ambaye hakuwahi kupanda treni inayopita chini ya mto wake.

BAADA YAKE

Kampuni yake haikudumu. Serikali na mamlaka za umma zilijenga njia za magari kuuvuka mto huohuo: handaki la Holland mwaka 1927, daraja la George Washington mwaka 1931, handaki la Lincoln mwaka 1937. Reli ya mtu binafsi ikashindana na barabara za umma. Stesheni ya Cassatt ilibomolewa kuanzia mwaka 1963, na kampuni, baada ya kuungana na mpinzani wake wa zamani, ilifilisika mwaka 1970. Mahandaki yakaangukia shirika la umma la Amtrak.

Hapo ndipo mvutano wa leo ulipozaliwa. Mahandaki hayo mawili, kila moja na njia moja ya reli, hupitisha treni zipatazo 450 na abiria wapatao 200,000 kwa siku ya kazi. Wengi ni watu wa New Jersey wanaofanya kazi New York. Kila mtu anakubali kuwa yamechoka. Ugomvi ni nani atalipia mapya.

Mwaka 2009 ujenzi wa handaki jipya ulianza, kwa makadirio ya dola bilioni 8.7. Serikali kuu iliahidi bilioni 3, mamlaka ya bandari bilioni 3, na zilizobaki ziwe za New Jersey. Oktoba 2010 Gavana Chris Christie aliufuta mradi. Hoja yake haikuwa ya kijinga: gharama zikizidi, nani atabeba ziada? Alisema ni jimbo lake, na hazina haina uwezo. Wapinzani wake walisema alitaka fedha hizo ziende kwenye barabara, ili asipandishe kodi ya petroli. Mashimo yaliyokwisha kuchimbwa yakaachwa.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 2012, kimbunga Sandy kiliyajaza mahandaki maji ya bahari. Maji yalipampiwa nje, lakini chumvi ilibaki katika zege na nyaya, nayo inakula polepole. Kulifunga handaki moja ili litengenezwe si rahisi, kwani treni za kwenda na kurudi zingepokezana njia moja, na badala ya treni 24 kwa saa zingepita 6 hivi.

Mwaka 2015 majimbo mawili yalikubaliana na serikali ya Rais Obama kugawana gharama nusu kwa nusu. Iliyofuata, ya Rais Trump, ilisema mwaka 2017 kuwa haifungwi na makubaliano hayo. Kwa maoni yake huo ni mradi wa wenyeji. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ilileta fedha, ujenzi ukaanza mwaka 2023, na Julai 2024 ukatiwa saini mkataba wa dola bilioni 6.88 kutoka serikali kuu. Gharama ya mradi mzima ilikuwa imefika kama bilioni 16. Oktoba 2025, katika mvutano wa bajeti, serikali ya Trump ilizuia fedha hizo tena.

Tazama tarakimu hizo, ndugu msomaji. Mradi wa sasa ni mpana kuliko ule wa 2009, maana unakarabati na mahandaki ya zamani, kwa hiyo bei hizo hazilingani moja kwa moja. Hata hivyo sehemu kubwa ya ongezeko ni bei ya kungoja. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta huku kwetu tunawafundisha watoto wa darasa la tatu.

Cassatt hakuwa malaika. Alijenga kwa faida ya kampuni yake, na isingekuwa ukubwa wa mtaji wake asingeweza. Lakini wenzake walipokataa kuchangia, hakuwangoja. Na madiwani walipotaka chao, hakuwapa. Baada yake kitu hicho kimekuwa mali ya wote, na kila upande wa mto unakihitaji kila asubuhi, ila siku ya kulipa kila mmoja anamwangalia mwenzake.

Sisi wa mpakani tunaoishi kwa madaraja na pantoni tulizojengewa na wengine, tusiwacheke Wamarekani. Siku ya uzinduzi huwa hakosekani mtu wa kukata utepe. Tuanze kuuliza mapema, tungali tunashangilia, nani atakayelipa daraja litakapozeeka.