Arthur Ashe

Arthur Robert Ashe Jr. (Richmond, Virginia, 10 Julai 1943 – New York, 6 Februari 1993) alikuwa mchezaji wa tenisi kutoka Marekani. Ndiye mwanamume mweusi pekee aliyewahi kuwa bingwa wa mchezaji mmoja mmoja katika US Open (1968), Australian Open (1970) na Wimbledon (1975). Anakumbukwa pia kwa kupinga ubaguzi wa rangi nchini kwake na Afrika Kusini, na kwa kuwaelimisha watu kuhusu UKIMWI, ugonjwa uliosababisha kifo chake.

Utoto

Ashe alizaliwa wakati ambapo sheria za jimbo la Virginia ziliwatenga watu weusi na weupe katika shule, mabasi na viwanja vya michezo. Mama yake, Mattie, alifariki mwaka 1950, Arthur akiwa na umri wa miaka 6. Yeye na mdogo wake Johnnie walilelewa na baba yao, aliyekuwa mlinzi na msimamizi wa Brook Field, bustani ya michezo ya watu weusi mjini Richmond. Familia iliishi ndani ya bustani hiyo, na viwanja vinne vya tenisi vilikuwa karibu na mlango wa nyumba yao.

Alianza kucheza akiwa na miaka 7. Alikuwa mwembamba na dhaifu wa mwili, lakini Ron Charity, mwanafunzi wa chuo aliyefundisha tenisi hapo, aliona kipaji chake. Charity alimpeleka kwa Dk. Robert Walter Johnson wa Lynchburg, daktari aliyekuwa amemfundisha pia Althea Gibson, mchezaji wa kwanza mweusi kushinda Wimbledon.

Dk. Johnson alifundisha mchezo na adabu pamoja. Wanafunzi wake walitakiwa kurudisha hata mpira ulioanguka nje kidogo ya mstari, na kutobishana kamwe na mwamuzi. Alijua kwamba kijana mweusi akikasirika mara moja tu, waandaaji wangepata sababu ya kuwafungia mlango wote. Utulivu ambao Ashe alisifiwa nao maisha yake yote ulitokana na mafunzo hayo.

Hata hivyo Richmond haikumfaa. Viwanja bora vya mji vilikuwa vya weupe tu, na wakati wa baridi hakuruhusiwa kutumia viwanja vya ndani. Mwaka 1960 alihamia St. Louis, Missouri, kwa mwalimu Richard Hudlin, akamalizia masomo ya sekondari huko.

Chuo na viwanja vigumu vya California

Mwaka 1961 aliingia Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), kwa ufadhili wa masomo. Kusini mwa California tenisi huchezwa zaidi kwenye viwanja vigumu, yaani vya saruji au lami. Katika viwanja hivyo mpira huruka bila hila kama zile za nyasi, wala haupunguzwi kasi kama kwenye udongo, hivyo mwenye pigo kali la kuanzisha hufaidika. Pancho Gonzales, bingwa aliyekulia kwenye viwanja vya umma vya jiji hilo, aliishi karibu na chuo na alifanya mazoezi pamoja naye. Huko Ashe alikuza pigo la kuanzisha la kasi na mpira wa mkono wa nyuma ambao wapinzani wengi waliuogopa.

Mwaka 1963 aliteuliwa kuichezea Marekani katika Kombe la Davis, akiwa mweusi wa kwanza kupata nafasi hiyo. Mwaka 1965 alikuwa bingwa wa vyuo vikuu vyote vya nchi, na mwaka uliofuata alihitimu shahada ya usimamizi wa biashara.

US Open 1968

Baada ya chuo aliingia jeshini, akafanya kazi katika chuo cha kijeshi cha West Point, New York. Mdogo wake Johnnie, askari wa kikosi cha Marine, alikuwa amemaliza zamu yake katika vita vya Vietnam. Bila kumwambia kaka yake, aliomba zamu ya pili, kwa kuwa jeshi halikuwa na desturi ya kuwapeleka ndugu wawili vitani kwa wakati mmoja. Arthur akabaki Marekani na kuendelea kucheza.

Mwaka 1968 mashindano makubwa yalifunguliwa kwa wachezaji wa kulipwa kwa mara ya kwanza. Mwezi Septemba, huko Forest Hills, Ashe alimshinda Tom Okker wa Uholanzi katika fainali ya seti tano: 14–12, 5–7, 6–3, 3–6, 6–3. Kwa kuwa alikuwa bado mchezaji wa ridhaa, hakuruhusiwa kupokea zawadi ya dola 14,000. Fedha hizo zilikwenda kwa Okker aliyeshindwa, na bingwa alipewa posho ya dola 20 kwa siku.

Alikuwemo katika timu iliyotwaa Kombe la Davis miaka ya 1968, 1969 na 1970. Mwezi Januari 1970 alishinda Australian Open kwa kumfunga Dick Crealy. Mataji yake matatu makuu aliyapata kwenye nyasi, kwani wakati huo US Open na Australian Open zilichezwa kwenye nyasi kama Wimbledon. US Open ilihamia viwanja vigumu mwaka 1978, na Australian Open mwaka 1988.

Afrika

Mwaka 1970 Ashe na mchezaji mwenzake Stan Smith walitembelea nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda. Katika ziara nyingine mwaka 1971, mjini Yaoundé, Kamerun, alicheza na mtoto wa miaka 11 aliyeitwa Yannick Noah. Aliwaarifu viongozi wa tenisi wa Ufaransa, na Noah akapelekwa huko kufundishwa. Mwaka 1983 kijana huyo alikuwa bingwa wa mashindano ya Ufaransa.

Afrika Kusini ilimnyima viza kuanzia mwaka 1969 kwa sababu ya msimamo wake dhidi ya ubaguzi. Iliporuhusu mwaka 1973, alitoa sharti kwamba watazamaji weusi wakae popote uwanjani. Sharti hilo halikutimizwa kikamilifu. Alifika fainali akashindwa na Jimmy Connors, lakini alishinda mchezo wa wawili wawili pamoja na Okker. Alifika pia Soweto kuwafundisha watoto.

Ziara hiyo ilizua mabishano. Baadhi ya weusi walisema inaupa utawala wa makaburu sura nzuri. Yeye aliamini kwamba watoto weusi wakimwona mtu huru wa rangi yao akishindana na weupe, watapata matumaini. Baadaye aliunga mkono kutengwa kwa nchi hiyo katika michezo, na mwaka 1985 alikamatwa katika maandamano mbele ya ubalozi wake mjini Washington.

Wimbledon 1975

Tarehe 5 Julai 1975, siku tano kabla ya kutimiza miaka 32, alikutana na Connors katika fainali. Connors alikuwa na miaka 22, ndiye bingwa mtetezi, na hakuwa amepoteza seti hata moja katika mashindano hayo. Wengi walitarajia ushindi wake mwepesi.

Ashe aliuacha mchezo wake wa nguvu. Kwa kuwa Connors alipenda mipira ya kasi, alimpa mipira ya polepole na ya chini, akaanzisha kwa kumvuta pembeni, kisha akapitisha mipira juu ya kichwa chake. Alishinda 6–1, 6–1, 5–7, 6–4.

Ugonjwa

Mwaka 1977 alimwoa mpiga picha Jeanne Moutoussamy. Walimlea binti mmoja, Camera. Mwaka 1979 alipata shambulio la moyo na kufanyiwa upasuaji, na mwaka 1980 alistaafu. Kisha alikuwa nahodha wa timu ya Kombe la Davis (1981–1985), iliyoshinda mara mbili. Mwaka 1988 alitoa vitabu vitatu vya historia ya wanamichezo weusi wa Marekani.

Mwaka 1983 alifanyiwa upasuaji wa pili wa moyo na kuongezewa damu. Wakati huo damu ilikuwa bado haijaanza kupimwa virusi vya UKIMWI. Mwaka 1988, baada ya mkono wake wa kulia kupooza, aligundulika kuwa na virusi hivyo. Familia ilitunza siri mpaka Aprili 1992, gazeti moja lilipokuwa likichunguza habari hizo, ndipo akajitokeza mwenyewe kuzitangaza. Alianzisha mfuko wa kupambana na UKIMWI, na tarehe 1 Desemba 1992 alihutubia Umoja wa Mataifa. Alifariki miezi miwili baadaye kwa nimonia, akiwa na miaka 49. Alizikwa Richmond, kando ya mama yake.

Kumbukumbu

Uwanja mkuu wa US Open uliofunguliwa New York mwaka 1997 una jina lake. Ni uwanja mgumu wenye viti zaidi ya 23,000, mkubwa kuliko wote wa tenisi duniani.

Sanamu yake ilisimamishwa Richmond mwaka 1996 katika barabara ya Monument Avenue, iliyokuwa na sanamu za viongozi waliopigania kudumisha utumwa. Baadhi ya wakazi walipinga. Inamwonyesha akiwa na watoto wanne, ameshika vitabu kwa mkono mmoja na raketi kwa mwingine. Vitabu viko juu zaidi. Sanamu za viongozi wale ziliondolewa miaka ya 2020 na 2021. Ya Ashe ingali pale.