Siku 64 za Randolph Turpin

Kila mwaka nifundishapo semantiki, yaani taaluma ya maana, huwauliza wanafunzi wangu swali ambalo huliona jepesi mno: Mwingereza ni nani? Jibu huja upesi kwamba ni mtu wa Uingereza. Nikiwauliza mtu wa Uingereza ni yupi, baadhi hutaja mahali pa kuzaliwa, wengine hutaja lugha, na daima hatoki darasani mmoja, aghalabu aliyeketi nyuma, bila kusema kwamba ni Mzungu. Hapo ndipo ninapowasimulia maisha ya bondia Randolph Turpin. Leo naomba nimsimulie msomaji kisa hicho hicho, kwani mafunzo yake yanapita mipaka ya darasa langu.

Turpin alizaliwa tarehe 7 Juni 1928 katika mji wa Leamington, jimbo la Warwickshire, katikati ya Uingereza. Mamake, Beatrice, alikuwa mwanamke mweupe wa huko huko. Babake, Lionel, alikuwa mtu mweusi kutoka Guyana, nchi iliyokuwa koloni la Waingereza wakati huo. Lionel alikipigania Uingereza kiti chake katika Vita Vikuu vya Kwanza, akavuta gesi ya sumu, na madhara yake yakamwandama hadi kaburini. Alifariki kabla Randolph hajatimiza mwaka mmoja, akamwachia mjane wake watoto watano na ukata usiosemeka.

Katika watoto hao, wavulana watatu waliingia ulingoni: Dick, Jackie na Randolph mwenyewe, kitinda mimba. Lakini mlango wa juu kabisa wa mchezo huo ulikuwa umefungwa kwa watu wa namna yao. Mnamo 1911, Jack Johnson, Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzani wa juu, alitarajiwa kupigana na Mwingereza Billy Wells jijini London. Serikali, kupitia kwa waziri wa mambo ya ndani Winston Churchill, ililizuia pambano hilo. Kuanzia wakati huo, na hadi miaka ya mwisho ya 1940, bondia hakuweza kuwania ubingwa wa Uingereza asipokuwa amezaliwa na wazazi wawili weupe. Len Johnson wa Manchester, bondia hodari aliyewashinda watu waliovaa mkanda huo, alistaafu mwaka 1933 bila kuruhusiwa hata mara moja kuupigania.

Mimi ni mwanaisimu, na kwa sababu hiyo kanuni hiyo hunishughulisha kuliko ngumi zenyewe. Ilikuwa na maneno machache tu, ambayo mtoto wa darasa la nne angeweza kuyasoma kwa pumzi moja. Hata hivyo maneno hayo yalitosha kuamua nani ni Mwingereza kamili na nani ni Mwingereza wa kuazimwa. Nchi hiyo iliyapokea mapafu ya Lionel Turpin vitani bila ya kusita, ilhali haikuwa tayari kuzitambua ngumi za wanawe.

Hatimaye kanuni hiyo iliondolewa. Tarehe 28 Juni 1948, katika uwanja wa Villa Park mjini Birmingham, Dick Turpin alimshinda Vince Hawkins na kuwa mtu mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa Uingereza tangu kizuizi hicho kuanza. Dick alifungua njia, na nduguye mdogo akapita.

Randolph alikuwa mpishi katika jeshi la wanamaji, na akiwa bado kijana mbichi alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa taifa wa ndondi za ridhaa mwaka 1945 na tena 1946. Aligeukia ndondi za kulipwa mwaka huo wa 1946. Hakuinuka bila kuteleza, kwani mnamo 1948 alishindwa mara mbili. Mmoja wa waliomshinda, Albert Finch, baadaye alimpokonya Dick mkanda wake. Oktoba 1950 Randolph alimwangusha Finch huyo huyo katika raundi ya tano na kuurejesha ubingwa nyumbani kwa akina Turpin. Februari 1951 alimwangusha Mholanzi Luc van Dam kabla dakika ya kwanza kwisha, akawa bingwa wa Ulaya.

Majira ya joto ya mwaka huo, Sugar Ray Robinson, bingwa wa dunia wa uzani wa kati, alikuwa akizuru miji ya Ulaya na kupigana karibu kila baada ya siku chache, akiandamana na msafara mkubwa na gari lake la rangi ya waridi. Wajuzi wengi hadi leo humhesabu Robinson kuwa bondia bora kupita wote waliowahi kuvaa glavu. Katika mapambano takriban 130 alikuwa ameshindwa mara moja tu. Ni wachache mno waliodhani kwamba mpishi wa zamani kutoka Leamington angeweza kumpa shida.

Usiku wa tarehe 10 Julai 1951, katika ukumbi wa Earls Court jijini London, mbele ya watazamaji wapatao 18,000, Turpin hakuogopa jina. Alimwandama Robinson kwa ngumi ya kushoto ya kunyoosha, akamkumbatia na kumsukuma kwa nguvu zake nyingi kila alipokaribia, akamnyima nafasi ya kucheza mchezo wake. Baada ya raundi 15, refa aliunyanyua mkono wa Turpin. Alikuwa na umri wa miaka 23. Aliporudi kwao, maelfu ya watu walijaa barabarani kumlaki. Mwana wa Lionel sasa alikuwa Mwingereza pasi na shaka, wala hakuna aliyeuliza rangi ya wazazi wake.

Mkataba, hata hivyo, ulikuwa na kifungu cha marudiano. Tarehe 12 Septemba mwaka huo huo, katika uwanja wa Polo Grounds jijini New York, watu zaidi ya 61,000 walishuhudia pambano la pili. Hadi raundi ya kumi mambo yalikuwa bado hayajaamuliwa. Robinson akapasuka juu ya jicho, akaona damu yake ikimtiririka, akaelewa kwamba huenda pambano likasimamishwa. Akamvurumishia Turpin mvua ya makonde, akamwangusha, na alipoinuka akambana kwenye kamba. Refa alisimamisha pambano zikiwa zimesalia sekunde chache tu raundi iishe. Turpin alikuwa ameshika ubingwa wa dunia kwa siku 64.

Alikuwa bado kijana, na alishinda mataji mengine, likiwemo la Uingereza katika uzani wa juu zaidi ya wake mnamo 1952. Lakini Oktoba 1953 alirudi New York kuuwania ubingwa wa dunia uliokuwa wazi, akashindwa kwa pointi na Carl Olson. Mei 1954, mjini Roma, aliangushwa katika raundi ya kwanza. Aliendelea hadi 1958, akastaafu.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Turpin alikuwa amepata fedha nyingi sana kwa mizani ya siku zile. Sehemu aliitia katika hoteli mlimani karibu na Llandudno, huko Wales, biashara ambayo haikumfaa. Nyingine ilitapanyika. Kisha watoza ushuru wakaja na madai ya miaka ya nyuma ambayo hakuweza kuyalipa. Mtu aliyemshinda Robinson alifanya kazi katika uwanja wa vyuma chakavu na kupigana mieleka ya maonyesho ili apate riziki. Mwaka 1962 alitangazwa kuwa amefilisika. Tarehe 17 Mei 1966, akiwa na umri wa miaka 37, alikutwa amekufa kwa risasi nyumbani kwake Leamington. Uchunguzi rasmi uliamua kwamba alijiua.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, mwanaspoti wa kutajika, alinijia ofisini na karatasi mkononi. Kwa mihula miwili nilikuwa nimemsamehe kutohudhuria mihadhara, nikijiambia kwamba kipaji chake kingemlisha. Karatasi ile ilikuwa mkataba wa kwenda kucheza ng'ambo, kurasa kadhaa za Kiingereza cha mawakili. Aliniomba nimweleze maana yake. Nilipofika ukurasa wa mwisho niliikuta sahihi yake, na tarehe ya wiki tatu nyuma. Nilimweleza alichokuwa amekubali, akanishukuru kwa adabu na kuondoka. Sijapata kujisikia mwalimu duni kama siku ile.

Nayasema haya kwa walimu wenzangu kwa sababu sisi ndio wa kwanza kuwatoa wachezaji darasani mashindano yakaribiapo, na ndio wa kwanza kupiga makofi warejeapo na kombe. Kumwachia mwanafunzi asisome kwa kuwa ana miguu myepesi au ngumi nzito huonekana kama hisani, kumbe ni kumtuma vitani bila ngao. Maneno machache ya kanuni yaliwazuia watu kama Len Johnson maisha yao yote. Maneno ya mikataba na ya watoza ushuru yalimmaliza Turpin baada ya mlango kufunguliwa. Kijana asiyeweza kuyasoma maneno yanayomtawala hatalindwa na misuli yake.

Mwaka 2001, miaka 35 baada ya kifo chake, sanamu ya Turpin ilisimikwa katika uwanja wa soko mjini Warwick. Amesimama pale, ngumi juu, katika jimbo alilozaliwa. Nimalizapo kisa hiki darasani hurudia swali langu la mwanzo, na yule mwanafunzi wa nyuma kwa kawaida huwa hana haraka ya kujibu.