Imam Ghazali na Mpaka wa Akili

Bismillahi Rahmani Rahim. Tulipokuwa Makambako kwa darsa, wazazi wa Kiunguja wanaofanya biashara pale walitueleza kwa huzuni: kijana wao anasoma falsafa chuo kikuu, na sasa amejaa shaka. Je, wamuachishe? Tuliwasimulia maisha ya Imam Abu Hamid al-Ghazali, Allah amrehemu.

Alizaliwa Tus, Khurasan, mwaka 450 Hijria (1058). Alisoma Nishapur kwa Imam al-Haramayn al-Juwayni, aliyemfunza elimu ya kalam na namna ya kupima hoja. Naye pia alipatwa na shaka. Jicho huiona nyota ndogo kama sarafu, hesabu ikaonesha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Ikiwa akili huyakosoa macho, nani ataikosoa akili? Karibu miezi miwili alikuwa katika hali hiyo, mpaka Allah alipomtia nuru moyoni.

Mwaka 484 (1091) waziri Nizam al-Mulk alimpa kiti cha Madrasa ya Nidhamiya, Baghdad, mbele ya wanafunzi wapatao 300. Katika nafasi zake alivisoma peke yake vitabu vya al-Farabi na Ibn Sina. Mantiki yao aliikubali, akaifanya mizani hata katika usuli wa fiqhi. Lakini katika Tahafut al-Falasifa, kwa masuala 20, alibainisha kuwa katika mambo ya Mola walidai yakini wasiyoweza kuithibitisha.

Kisha akawasoma masufi, Abu Talib al-Makki na al-Muhasibi, akatambua kwamba kuijua maana ya afya si kuwa mzima. Mwaka 488 (1095) ulimi wake ulishindwa kusomesha. Akaiacha Baghdad na cheo chake, akenda Damascus, Baytul Maqdis na Hijaz. Matunda ya miaka hiyo ni Ihya Ulum al-Din. Alifariki Tus mwaka 505 (1111).

Kesho yake kijana alitusindikiza Njombe. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umefunika vilima vyote, naye akakiri mwenyewe kuwa kutoviona si dalili kwamba havipo.

Wazazi tuliwanasihi wasimuachishe, wala wasimwite kafiri kwa kuuliza. Wamtafutie mwalimu wa dini mwenye subira, asome kwake sambamba na chuo, na wao wamuombee dua. Ghazali hakuikimbia akili; aliijua kazi yake na mahali inapoishia.

Wallahu aalam.